Kishikwambi Kimoja, Wanafunzi Themanini

Mada iliyo mezani ni matumizi ya vifaa vya kidijitali katika kusaidia ujifunzaji darasani, na swali linaloyabeba mazungumzo yote ni moja: je, mwalimu wa shule ya msingi mwenye kishikwambi kimoja na wanafunzi themanini anaweza kukitumia kifaa hicho kwa namna ambayo hata mtoto aliyeketi dawati la mwisho atanufaika? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba anaweza, kwa sharti kwamba somo litangulie na kifaa kifuate. Sharti hilo litarudiwa mara kadhaa kabla muda wa kipindi haujaisha, kwa sababu ndilo linalosahauliwa kwanza kila vifaa vipya vinapopokewa.

Ni vyema maneno yaeleweke kabla ya kusonga mbele. TEHAMA ni kifupi cha teknolojia ya habari na mawasiliano, na ndani yake zimo kompyuta, simu, redio, televisheni na mitandao inayoviunganisha vyombo hivyo. Watu wengi wakisikia TEHAMA huifikiria kompyuta peke yake, ilhali redio inayoyabeba mazungumzo haya ni TEHAMA, na simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa kitochi, nayo ni TEHAMA. Kishikwambi ni kompyuta bapa ya kushika mkononi, inayotumiwa kwa kugusa kioo chake. Kina kamera, kina kinasa sauti, kina nafasi ya kuhifadhi vitabu na video, na huzifanya kazi hizo zote hata mahali pasipo na intaneti. Msikilizaji ayaweke akilini maneno hayo ya mwisho, kwamba kifaa hufanya kazi hata pasipo na intaneti, maana yatahitajika baadaye.

Neno kishikwambi lilienea sana nchini Tanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, pale makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu kwenye vifaa hivyo badala ya karatasi. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vifaa hivyo vipelekwe katika sekta ya elimu, na kuanzia mwishoni mwa mwaka uleule walimu wa shule za umma wakaanza kugawiwa. Uamuzi huo unastahili sifa, kwa kuwa mali iliyonunuliwa kwa kazi ya miezi michache ilipewa kazi ya miaka. Baadaye ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, ambayo imetilia mkazo matumizi ya TEHAMA katika kufundisha na kujifunza. Kwa hiyo suala la kama teknolojia iingie shuleni au isiingie limekwisha kuamuliwa. Linalobaki ni namna inavyoingia, na ni mtoto yupi inayemfikia.

Na uchukuliwe mfano wa somo la sayansi kuhusu mzunguko wa damu, katika darasa la wanafunzi themanini, kipindi kikiwa cha dakika 40. Madarasa makubwa kiasi hicho si jambo la ajabu tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na watoto wengi, ambao pengine wangebaki nyumbani au machungani, wakaandikishwa shule. Nayo ni neema, ingawa ni neema yenye kazi nzito. Mwalimu anayo video ya dakika mbili inayoonyesha moyo ukisukuma damu, na kioo cha kishikwambi chake hakizidi ukubwa wa daftari. Akikiinua juu mbele ya darasa, watakaoona ni walioko dawati la kwanza na la pili, na wale wa nyuma, ambao mara nyingi ndio wanaomhitaji mwalimu kuliko wote, wataona mwanga tu kisha wataanza mambo yao. Akiamua kuwaita kumi kumi, makundi manane yatahitaji dakika 16 za kutazama peke yake, na ukijumlisha muda wa kuinuka, kusukumana na kurudi mahali, kipindi kitakwisha bila swali hata moja kuulizwa. Je, kosa ni la kifaa? Hapana. Je, ni la mwalimu kukosa bidii? Hapana pia, kwani amejitahidi kuitafuta video hiyo. Tatizo ni kwamba video imewekwa mahali pa somo.

Mwalimu aliyelitanguliza somo huanza bila kifaa chochote. Anawaambia watoto waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, watafute mapigo, kisha wahesabu kwa nusu dakika huku yeye akitazama saa. Kila mtoto anaandika idadi yake. Wanatoka nje, wanaruka kwa dakika moja, wanahesabu tena, na idadi inapanda. Hapo mwalimu anauliza: kwa nini imepanda? Watoto wanabishana, na majibu yao, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, yanaandikwa yote ubaoni. Baada ya hayo ndipo kishikwambi kinapotolewa. Kundi moja linapotazama video, makundi mengine yanachora moyo kwa jinsi yanavyodhani ulivyo, na kila kundi linakwenda kutazama likiwa na swali lake, kwa mfano: damu inayotoka mapafuni huingia upande upi wa moyo? Kazi hiyo inaweza kula vipindi viwili vinavyofuatana, na wala hakuna hasara. Video ni ileile ya dakika mbili, lakini sasa inatazamwa na mtoto anayetafuta kitu ndani yake, naye mtoto wa dawati la mwisho amekuja mbele akiwa na daftari lenye hesabu ya moyo wake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya kioo kidogo ni kioo kikubwa, na hawajakosea. Kuanzia mwaka 2007 ulikuwapo nchini mradi wa BridgeIT, uliojulikana kwa Kiswahili kama Elimu kwa Teknolojia, ambao ulifika katika shule za msingi 150. Katika mradi huo mwalimu aliagiza video fupi kwa simu, simu ikaipokea, kisha ikaunganishwa na televisheni iliyowekwa darasani, na watoto wakatazama kwa pamoja. Siku hizi projekta, yaani kifaa kinachorusha picha ukutani, hufanya kazi hiyohiyo. Jambo la kuzingatiwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba kila video ya mradi ule iliambatana na mwongozo wa somo uliomwonyesha mwalimu la kufanya kabla ya kutazama na baada ya kutazama. Waliouandaa walielewa mapema sana kwamba somo hutangulia.

Kishikwambi kina matumizi mengine mawili ambayo hayapewi uzito yanaostahili, na yafaa yaelezwe kwa kirefu kidogo. Ya kwanza ni sauti. Picha ndogo haiwezi kuonwa na watoto themanini, lakini sauti iliyounganishwa na spika ndogo humfikia kila mmoja wao. Hadithi iliyosomwa vizuri, kwa vituo na lafudhi sahihi, humsaidia mtoto wa darasa la pili anayejifunza stadi zinazoitwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hasa mtoto ambaye nyumbani husikia zaidi Kinyiramba au Kisukuma, na Kiswahili chenyewe amekianza shuleni. Na katika somo la Kiingereza, ambalo mwalimu mwenyewe huenda hana uhakika wa matamshi yake, sauti ya mzungumzaji hodari ikisikilizwa mara tatu, na darasa zima likaitikia, hufanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya.

Matumizi ya pili ni kamera. Kwa kawaida kishikwambi hudhaniwa kuwa chombo cha kuleta darasani mambo ya mbali, ilhali kinaweza pia kuleta mambo ya jirani ambayo watoto huyaona kila siku bila kuyachunguza. Malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita Shelui, mkoani Singida, usiku na mchana. Mwalimu akirekodi lori moja likipanda mlima Sekenke kwa mwendo wa pole, injini ikinguruma, anayo mada nzima ya sayansi mkononi: kwa nini barabara imezungushwa ubavuni mwa mlima badala ya kupandishwa wima, dereva anabadili gia kwa sababu gani, na breki hupata joto kutoka wapi wakati wa kuteremka? Akiipiga picha mbuga ya Wembere wakati wa masika, maji yakiwa yametanda, kisha akarudi kusimama palepale wakati wa kiangazi na kupiga picha ya pili, anazo picha mbili za kufundishia jiografia ambazo hazipatikani katika kitabu chochote cha kiada. Mashine ya kukamua alizeti inaweza kurekodiwa kuanzia mbegu inapoingia hadi mafuta na mashudu yanapotoka. Na wapo wazee waliosikia kwa wazazi wao habari za mgodi wa dhahabu wa Sekenke, ulioanza wakati wa Wajerumani mwaka 1909. Masimulizi yao yakinaswa leo, kwa ridhaa yao, yatakuwa somo la historia kwa watoto ambao bado hawajazaliwa. Hili la wazee lisiahirishwe, maana kila mwaka unaopita hupunguza idadi yao.

Mazungumzo yanaingia sasa katika sehemu ya historia, na historia hii ni ya redio. Je, Tanzania inaanza leo kutumia teknolojia katika kufundisha? Hata kidogo. Mwaka 1973, kupitia kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Redio Tanzania Dar es Salaam, watu wapatao milioni mbili walijifunza juu ya malaria, kuhara damu, kichocho na maradhi mengine kwa kusikiliza redio. Wengi wanaoikumbuka kampeni hiyo huikumbuka redio, na kweli redio ndiyo iliyosikika, ila matokeo yake hayakutokana na redio peke yake. Watu walikusanyika kwa vikundi vijijini; kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo; vilikuwapo vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi; kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kijitabu kikasomwa, mjadala ukafanyika, na kikundi kikaamua la kutenda, iwe kuchimba choo, kufukia madimbwi au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Kwa maneno mengine, kulikuwa na chombo, kiongozi, kikundi, maandishi na kazi ya mikono. Chombo kilikuwa kimoja kati ya vitu vitano. Ukiviondoa vinne vilivyobaki, unabaki na sauti inayopita hewani.

Zanzibar nayo ilipiga hatua nyingine katika njia hiyohiyo kupitia vipindi vya Tucheze Tujifunze, vilivyoandaliwa kwa ajili ya watoto wadogo katika mradi ulioanza mwaka 2006. Vipindi hivyo viliandaliwa kwa mtindo unaoitwa redio shirikishi, maana yake redio inayomtaka msikilizaji afanye jambo na si kusikiliza tu. Mtangazaji aliuliza swali, kisha akanyamaza kwa sekunde kadhaa zilizopimwa, ili watoto wajibu kwa sauti, wapige makofi, wahesabu vijiti au wacheze, huku mlezi akiwa kati yao akiwaongoza. Kimya hicho ndicho kiini cha ufundi wenyewe, kwa kuwa ndani yake mtoto alikuwa akifanya kazi. Yeyote anayeandaa video ya somo leo anafaa ajiulize: ndani ya video hii, mtoto anapewa wapi nafasi ya kujibu?

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na juhudi hiyo ilikuwa ya lazima na ya heshima. Lakini mtoto aliyekuwa nyumbani alisikiliza peke yake, pengine redio ikiwa ya baba na betri zikiwa za kubana, bila mwalimu wa kumsahihisha wala mwenzake wa kubishana naye. Shule zilipofunguliwa tena mwezi Juni, wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuelewa, bila kusoma utafiti wowote, kile ambacho kipindi hakiwezi kukifanya.

Je, ingekuwaje kila mtoto angepewa kishikwambi chake? Swali hili huulizwa mara nyingi, na bahati njema ni kwamba jibu lake lilitafutwa hapahapa Tanzania, mkoani Tanga. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE lilifanya majaribio katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo, likiwa na ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 wenye umri wa kati ya miaka saba na kumi na mmoja walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vikawekwa vijijini. Hapakuwa na mwalimu. Mtoto alijifunza na kifaa chake. Mwanzoni, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, sehemu hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi ulitolewa kwa programu mbili kwa pamoja, ile ya onebillion na ile ya Kitkit School.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na uaminifu unataka zote mbili zisemwe. Mtoto aliyekuwa hajui herufi, katika kijiji kisicho na shule karibu, alijifunza kusoma kwa Kiswahili kwa msaada wa kifaa na wenzake, na hilo ni jambo kubwa ambalo halipaswi kudogoshwa na yeyote. Wakati huohuo, baada ya miezi 15 ya kukaa na kifaa kizuri kabisa, chenye programu zilizoshinda dunia nzima, karibu nusu ya watoto bado hawakuweza kusoma neno hata moja. Mtoto akikwama, kifaa humrudishia zoezi lilelile au humpa zoezi jingine. Mwalimu humtazama usoni, akagundua kwamba hajala tangu jana, au kwamba haoni vizuri ubao, au kwamba anaichanganya herufi b na d. Pengine ndiyo maana Malawi, ilipoichukua programu ya onebillion, iliipeleka ndani ya shule, watoto wakaitumia kwa muda maalumu wa siku huku masomo ya mwalimu yakiendelea. Kenya, iliyoanza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo, ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi, kwani katika shule nyingi vifaa viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wizi au kwa kukosa mtu wa kuviendesha. Nayo ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza kwamba teknolojia ifuate mahitaji ya mwanafunzi, na imsaidie mwalimu bila kuchukua nafasi yake.

Basi rudio la leo ni lilelile: somo litangulie, kifaa kifuate. Je, mwalimu wa Shelui atajifunzia wapi ustadi huo? Njia ipo. Mpango unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, huwataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya ya kujifunza, wajadiliane kuhusu somo lililowashinda, wajaribu njia mpya, kisha warudi kuelezana yaliyotokea. Singida ni miongoni mwa mikoa 9 ya programu ya Shule Bora, ambayo imekuwa ikiunga mkono mafunzo ya namna hii. Jumuiya hizo ndizo mahali pa kuuliza maswali ambayo mwalimu huona haya kumuuliza mthibiti ubora wa shule: kishikwambi kinawashwaje, video inapunguzwaje ikabaki dakika mbili, picha inahifadhiwaje isipotee. Haya hiyo ni ya kweli na inafaa iheshimiwe. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini kwa chaki na ubao, na akafaulisha, hastahili kuchekwa kwa sababu kidole chake kinatetemeka juu ya kioo. Anastahili kukaa na mwalimu kijana mchana mmoja, mmoja akifundisha kifaa na mwingine akifundisha jinsi ya kulituliza darasa la watoto themanini.

Sasa yafuate mambo magumu ambayo kwa kawaida hutajwa mwishoni na kwa haraka, ingawa ndiyo yanayoamua kila kitu. La kwanza ni bando, yaani kifurushi cha intaneti. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na hiyo ni hazina. Lakini ili aifikie, mwalimu mara nyingi hununua bando kwa fedha yake mwenyewe, ileile ambayo nyumbani ingenunua sukari. Si haki kuijenga elimu ya kidijitali juu ya mfuko wa mwalimu, na kamati ya shule inayopanga bajeti ya chaki inaweza kupanga pia bajeti ya bando. La pili ni umeme. Kifaa kikichajiwa usiku kabla ya somo, kukatika kwa umeme asubuhi hakumpati mwalimu. La tatu ni vumbi na joto la kiangazi, ambavyo huua vifaa taratibu. Mfuko wa kitambaa na kabati lisilopigwa na jua vinatosha. La nne ni nyumbani. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na ni sawa, ila kitochi cha mama kinaweza kutumika jioni, kwani zipo huduma za kujifunza kwa ujumbe mfupi ambazo hazihitaji simu ya kioo. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, nazo zinafundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto anakielewa, na mzazi mwenye televisheni hapotezi kitu akiwakaribisha watoto wa jirani watazame pamoja.

Suala la lugha nalo linataka umakini zaidi, kwa sababu video nyingi za bure zilizoko mtandaoni zimetengenezwa kwa Kiingereza. Katika shule ya msingi ya umma lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na mtoto akioneshwa video ya Kiingereza atafurahia rangi na miondoko, akatoka bila kitu. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: mwalimu aizime sauti ya video na aieleze mwenyewe kwa Kiswahili, akiisimamisha kila anapotaka kuuliza. Maelezo ya namna hiyo, yakiandaliwa jana yake, mara nyingi huwa bora kuliko sauti ya asili, kwa kuwa mwalimu anajua wanafunzi wake wameishia wapi.

Inabaki hoja ya mwisho, nayo inarudi kwenye yale maneno ambayo msikilizaji aliombwa ayaweke akilini, kwamba kishikwambi hufanya kazi hata pasipo na intaneti. Kandokando ya barabara kuu, Shelui kama ilivyo miji mingine midogo ya Tanzania, vijana wenye kompyuta hujipatia riziki kwa kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu, flashi na memori kadi, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhia kumbukumbu. Filamu iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili husafiri hivyo hadi kijiji ambacho mtandao wenyewe haushiki, ikapita mkono kwa mkono, na wala hakuna aliyeandaa warsha kuwafundisha watu njia hiyo. Kwa nini masomo yasisafiri vilevile? Flashi moja ya kawaida inabeba vitabu vya kiada vya shule ya msingi pamoja na mamia ya video fupi na sauti za hadithi. Mwalimu mmoja mwenye mtandao mzuri, akiwa mjini Kiomboi au Singida, anaweza kupakua kile kinachoruhusiwa kupakuliwa, akaongeza picha za Wembere na lile lori la Sekenke, akaambatanisha na kila video maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutazama. Afisa Elimu Kata akiibeba flashi hiyo kwenye kikao cha walimu wakuu, kila shule itaondoka na nakala yake siku hiyohiyo. Mwezi unaofuata kila shule irudishe flashi ikiwa na somo moja jipya lililoandaliwa na walimu wake, na mzazi aliye mjumbe wa kamati ya shule aulize katika kikao chao: mwezi huu limeingia somo gani, na limefundishwa darasa la ngapi?